Bahari Iliyokuja kwa Gari la Moshi

Kasese, karibu na Stesheni
12 Mei 1957

Kwa dada yangu mpendwa Mariat,

Assalaam aleikum warahmatullah. Ninaposhika kalamu hii sisi sote ni wazima, ila mume wangu Magidu anasumbuliwa na mgongo kwa ajili ya kupakia magunia, na mgongo huo humsumbua zaidi siku nikimwomba anipasulie kuni. Natumaini barua itakukuta wewe, shemeji Musitafa na wanangu wote mkiwa na afya, na kwamba kikohozi cha Saudah kimekwisha. Mwambie shemeji kanga aliyonitumia kwa mkono wa yule fundi wa reli imefika, na imenikaa vizuri hata majirani wamenuna.

Najua hukungoja barua hii kwa ajili ya habari za kanga. Unataka habari za samaki, na umeniuliza mpaka umechoka. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilitaka kwanza Idd ipite, kwa sababu hadi siku hiyo sikujua kama nitakuandikia habari ya furaha au ya msiba. Sasa imepita, na nina mengi ya kukueleza, basi tafuta mahali pazuri ukae.

Madebe yako ya maji ya bahari yalifika salama, pamoja na mchanga, mawe, na ile ndoo ya samaki iliyofunikwa wavu. Baba alikuwa stesheni tangu alfajiri, amevaa koti lake la jeshi lenye vifungo alivyovisugua mpaka vikang'aa. Gari la moshi liliposimama aliwavamia wapagazi kwa amri: wewe shika chini, wewe nyanyua, pole pole, pumbavu, hiyo iko bahari. Karani mmoja mgeni alidhani ni mkubwa fulani wa serikali ametumwa kutoka Entebbe akampigia saluti. Kutoka stesheni hadi hotelini kwangu ni karibu sana, lakini Baba alikataa kabisa mzigo ule kubebwa kichwani. Ilibidi Magidu alete lori. Kabla ya kupakia, Baba alifunua wavu, akachungulia ndani ya ndoo, kisha akakaa chini pale pale kwenye kokoto za reli. Nilidhani ni jua.

Dada, wewe uliolewa ukaondoka Bwera kabla mambo hayajaharibika, kwa hiyo hujui kwa nini Baba aliyataka maji yale kwa moyo wote. Ulipokuwa nyumbani watu bado walimsikiliza akisimulia vita: meli kubwa kama mtaa, mawimbi, na wale samaki aliowaona Mombasa kabla ya kupanda meli, wanaotoka majini wakatembea juu ya matope kwa mapezi yao, wakapanda mawe, wakamtazama mtu kwa macho ya chura. Baadaye vijana wa biashara, wanaovuka mpaka kila juma na kurudi na ujanja wa Kongo, walianza kumcheka. Walimwita Mzee Samaki Miguu. Walisema anatia chumvi kuliko wavuna chumvi wote wa Katwe. Siku moja mtu alimcheka hata msikitini. Baba alipohamia kwangu Kasese alikuandikia kwamba baridi ya Bwera inamuumiza magoti. Haikuwa baridi. Na shemeji alipohamishiwa Mombasa, Baba hakulala mpaka alipokutumia ombi lake.

Basi seremala alitutengenezea sanduku la vioo, fremu ya mbao na lami kwenye viungo. Mwanzoni lilivuja kidogo juu ya meza yangu ya mandazi, akaongeza lami. Tukatia mchanga wako na mawe yako, jiwe moja tukalisimamisha lipite juu ya maji ili samaki wapate pa kupanda, na sanduku tukaliweka dirishani, upande wa barabara, jua liingie na wapita njia waone.

Na kweli waliona. Wachimbaji wa shaba wa Kilembe walijaa mpaka wengine walikunywa chai wakiwa wamesimama, na jirani yangu mwenye hoteli ya pili akaanza kunisalimia kwa ubaridi. Kila mtu alitaka samaki wamjue, basi alimega mandazi akawatupia. Mimi sikukataza. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuwatupia! Nyumbani kwetu mgeni hakai bila kula, na hawa walikuwa wageni waliotoka mbali kuliko wote. Waliponiangalia bila kutafuna, niliwaongezea kipande cha chapati, nikadhani mandazi hawajayazoea.

Haikupita muda, kioo kikapata utando wa kijani. Nikadhani ni moshi wa jikoni. Kisha mawe yakaota kama nywele za kijani, tena zenye utelezi, na mwisho maji yenyewe yakawa kijani. Ukisimama mbele ya sanduku uliona sura yako tu, imeugua. Samaki ulijua wapo kwa sababu mara moja moja kitu kilitikisika.

Ndipo akaja Kathembo. Huyu ni mfanyabiashara wa kahawa na vitenge kutoka Bwera, mtu mcheshi, si mbaya, ila akipata neno la kuchekesha halimezi hata kama litamchoma mtu. Alinunua chai, akainama mbele ya sanduku, akanusa, na hoteli nzima ikamsikia akisema, "Mzee, hii bahari iko sombe. Samaki ya miguu iko wapi? Imeiva?"

Watu walicheka mpaka chai ikawamwagikia. Unajua jinsi sombe inavyokuwa ikichemka, dada, yale majani ya muhogo, na kusema kweli maji yalifanana nayo. Baba hakucheka. Alisimama kama yuko mbele ya afande wake. Akamwambia Kathembo, "Kuja Idd, siku ya pili. Leta soko yote ya Bwera. Kama haukuona samaki natembea, mimi nafunga mdomo. Mambo ya bahari sitasema tena mpaka kaburi."

Na akala yamini. Dada, niliogopa. Wewe na mimi tumemcheka Baba tangu utotoni kwa hadithi zake, lakini mtu huyu bila hadithi zake ni nani? Ndizo anazoamkia, ndizo anazolalia. Mama alipofariki ndizo zilizomwinua kitandani. Nilimwona amefunga mdomo kwa miaka yote iliyobaki, ameketi pembeni mwa hoteli yangu kama kiti kilichovunjika, na nikajisemea kwamba maji yale lazima yasafike hata kama nitayanywa.

Tulianza kusugua. Kila asubuhi Baba alitupanga mstari, mimi na Magidu, kila mmoja na dodoki lake, tukasugua vioo na mawe kwa amri. Jioni vilikuwa safi. Kesho yake ukijani ulikuwa umerudi, tena umenona, kama umefurahi kusuguliwa. Mwezi wa Ramadhani ukaingia, Idd ikaanza kusogea, nasi tukawa pale pale.

Hapo Magidu akapata wazo. Yeye hubeba chumvi ya Katwe kwenye lori lake, na kwake hakuna ugonjwa usioponywa na chumvi. Alisema nyama ikitiwa chumvi haiozi, ngozi haiozi, samaki wa ziwani hawaozi, basi na maji yale yakikolezwa, uozo wa kijani utakufa. Dada, kila mtu aliona ni akili, na mimi nilijivuna kuwa na mume wa namna hiyo. Tukakoroga chumvi ya Katwe, tukamimina. Maji yalipopungua kwa jua tulijaza mengine ya chumvi. Ukijani haukujali hata kidogo. Samaki ndio waliojali. Walipanda juu ya jiwe wakagoma kushuka, ngozi zikaanza kuwakauka, na yule kaa mdogo uliyemtia ndooni pamoja nao, anayebeba nyumba yake mgongoni, alitoka ndani ya nyumba akafa nje, uchi, maskini. Baba alimtazama kaa yule, akamtazama Magidu, na Magidu akakumbuka kwamba ana safari ya Mbarara.

Aliyetuokoa ni Vasta, mama mmoja wa Katwe mwenye vidimbwi vyake vya kukaushia chumvi. Magidu hununua kwake, na alikuwa amekuja mjini kwa shughuli za kanisa, akapitia kwetu kulala. Alipoona sanduku alicheka mpaka akashika ubavu. Alisema, "Kwetu Katwe maji iko chumvi kushinda hii, na ukijani iko. Nyekundu pia iko. Chumvi haifukuzi." Kisha akaona vipande vya mandazi vimelala chini kwenye mchanga vinaoza, akauliza nani anayelisha hivyo, na hoteli yote ikanitazama mimi. Alinieleza kwamba mabaki yale ndiyo mbolea ya ule ukijani, kama samadi kwenye migomba, na jua la dirishani ndilo linaloukuza. Tena alisema jua huchukua maji likaacha chumvi, hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku, kwa hiyo sisi tulikuwa tunachimba kidimbwi cha chumvi ndani ya hoteli, na siku ya Idd tungevuna chumvi yenye samaki ndani.

Dawa ilikuwa kuchota maji na kuongeza ya mvua kutoka mapaani. Lakini tuongeze mpaka wapi? Bahari ina chumvi kiasi gani? Vasta hajui bahari, mimi sijui. Akamgeukia Baba kwa heshima, akamwambia yeye ndiye aliyeoga na kunywa maji ya bahari, basi aonje kwenye kikombe atuambie yamekaribia au bado.

Baba akasema amefunga. Hilo lilikuwa kweli, nani angebishana naye? Tukangoja magharibi. Nikamwekea kikombe kando ya tende. Akasema mtu aliyefunga siku nzima hafungui kwa maji machungu. Alipokwisha kula nikamsogezea tena, akasema dawa za malaria za jeshini ziliua ulimi wake. Nilikasirika, dada, usinione mbaya. Nilisema moyoni mwangu kwamba mzee huyu anataka tumwokoe lakini kidole hataki kunyanyua.

Nikakumbuka kwamba debe moja la maji yako halijafunguliwa. Baba alilisukuma chini ya kitanda chake siku ile ile lilipofika, na alikuwa ametukataza hata kuligusa. Nilimwomba. Akaenda, akarudi amelikumbatia, akaliweka chini mbele ya Vasta. Akasema kwa sauti ndogo ambayo simjui nayo, "Onjeni hii. Hii ndiyo yenyewe."

Basi Vasta alionja ya debe akatema, akaonja ya sanduku akatema, nasi tukachota na kuongeza ya mvua mpaka ulimi wake ukasema ni maji yale yale. Samaki walishuka kutoka jiweni mmoja mmoja, wakajitumbukiza. Sanduku tulilihamishia ukuta wa nyuma, mbali na jua. Nikatangaza kwamba atakayetupa mandazi humo ndani atakunywa yale maji, na chakula cha samaki kikawa nzi, ambao hoteli yangu haijawahi kukosa. Maji yalianza kusafika polepole, bila kusuguliwa hata kidogo. Na wale konokono walioshikamana na mawe yako, ambao sisi tuliwadhania ni vijiwe tu, wakaanza kutembea juu ya kioo wakila ukijani, wakiacha nyuma yao njia safi. Asubuhi moja niliwahi sokoni, niliporudi nikamkuta Baba ameweka kiti mbele ya sanduku, uso umekaribia kioo. Nilipita pembeni nikaingia jikoni.

Siku ya pili ya Idd walikuja. Kathembo alijaza lori la watu wa Bwera, wengine hata siwajui, na nilikuwa nimepika pilau kwenye masufuria ya kuazima. Maji yalikuwa meupe, unaona mpaka punje ya mchanga. Walikusanyika kuzunguka sanduku. Mwanzoni samaki walilala tu, nami nikashika meza. Kisha yule mkubwa alinyanyua kichwa, akajisukuma kwa mapezi yake, akatoka majini, akatembea juu ya jiwe mpaka juu kabisa. Akasimamisha lile pezi la mgongo kama bendera, akageuza macho yake, akamtazama Kathembo.

Hakuna aliyecheka. Kathembo alivua kofia. Alisema, "Mzee, nilikosa. Inatembea kweli. Mbele ya watu wote nasema nilikosa." Akamshika Baba mkono kwa mikono yake miwili, na wale vijana wengine wakafuata, wakampa mkono mmoja baada ya mwingine. Niliona fahari ambayo siwezi kuiandika. Kathembo akamwomba sasa awaambie wote bahari yenyewe ni ya namna gani, kama inapita Ziwa Edward kwa ukubwa. Wakavuta viti. Mimi niliingia jikoni kuongeza chai, nikijua tutakesha.

Lakini Baba hakusimulia. Aliwaambia amechoka, wale pilau. Wakadhani ni furaha imemzidi, wakala, wakaimba kidogo, wakaondoka wakimsifu.

Sasa dada, ninakuja kwenye jambo lililonifanya nikwambie ukae mahali pazuri. Baada ya alasiri, nilipokuwa naosha sahani, Baba alikuja jikoni akakaa kwenye kigoda. Akaniambia hivi: "Hajara, mimi bahari sijaona. Hata siku moja."

Nilidhani homa imempanda. Akanieleza taratibu. Ni kweli alijiunga na jeshi, pamoja na rafiki yake Syahuka, yule aliyekuwa jirani yetu Bwera na ambaye sisi hatumkumbuki kwa udogo wetu. Lakini walipofika Nairobi sanduku la risasi lilimwangukia Baba mguuni, ule mguu anaouchechemea hadi leo, na akaachwa jikoni kwenye kambi. Alipika maharagwe mpaka vita vikaisha. Syahuka ndiye aliyekwenda Mombasa, akaona samaki wa kutembea, akapanda meli, akapigana Burma. Walirudi pamoja, na njia nzima Syahuka alikuwa akimsimulia. Walipofika Kampala Syahuka aliugua akafa, hakufika nyumbani.

Baba alimpelekea mama yake Syahuka habari za msiba. Mama huyo alitaka kujua mwanawe alikwenda wapi na aliona nini, na Baba akamwambia yote, meli na mawimbi na samaki. Alipofika kwa samaki, mama aliyekuwa akilia alicheka. Kisha akauliza, na wewe ulikuwa kando yake? Hakuwa peke yake? Baba akasema ndiyo, nilikuwa kando yake. Angesema nini kingine, dada? Kuanzia siku hiyo kila jioni mama yule alimwita amsimulie tena, na majirani wakaja, na alipofariki hadithi ilikuwa imekwisha kuwa ya Baba.

Nilimwuliza kwa nini basi alijitia kwenye kiapo kile mbele ya watu, wakati angeweza kuumbuka. Alinijibu, "Mimi niliapa kwa maneno ya Syahuka. Miaka yote hii vijana wakicheka, na mimi moyoni nilianza kuuliza, ama Syahuka alinidanganya? Nilitaka kujua. Sasa najua. Alisema kweli."

Sikukasirika, dada. Nilisimama na sahani mkononi, maji yakinitiririka mpaka kiwikoni, nikalia, na nikafurahi pia, sijui vilikaaje pamoja. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote. Nilimwuliza kama niifiche habari hiyo. Akasema watu wa Bwera atawaambia mwenyewe, juu ya Syahuka, akiwa tayari, ila wewe nikuandikie, kwa kuwa aliyetuma maji ana haki ya kujua. Sasa umeelewa kwa nini kila ulipomwalika Mombasa alikwepa.

Safari hii hakwepi. Ameniomba nikuulize kama mwaliko bado upo, na Magidu amekwisha kwenda stesheni kuulizia nafasi. Atakuja mwezi ujao, Inshallah. Najua wanao wamekwisha kuambiwa babu yao anaijua bahari, nao watataka kumkokota ufukweni siku hiyo hiyo. Wazuie. Mpeleke wewe peke yako, asubuhi, watoto wakiwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Mkikaribia, mwache atangulie kidogo, na usimtazame usoni. Akisimama kimya, simama nawe, hata kama ni mpaka adhuhuri. Na akigeuka akaanza kukueleza bahari ni kitu gani, msikilize kana kwamba hujawahi kuiona.

Magidu anawasalimu, anasema hataki kusikia habari za chumvi. Vasta anakusalimu ingawa hamjaonana. Wabusu watoto kwa niaba yangu, na shemeji mpe salamu zangu nyingi za heshima. Mungu awalinde mpaka Baba atakapofika mlangoni kwenu.

Mimi ndimi mdogo wako akupendaye,
Hajara